Mama Breki Baharini

Nilikwenda kumrudisha mwanangu nyumbani. Nasema hili mapema ili mtu asije akanipamba kwamba nilikwenda kusalimia. Kusalimia kuna simu. Mimi nilipanda basi nikakaa mchana kutwa mpaka miguu ikavimba, kwa sababu shule yangu ya udereva ilikuwa inapoteza mwalimu wake wa pili mwishoni mwa mwezi. Mzee wa watu macho yamechoka, anataka kupumzika. Kiti chake nilikuwa nimemwekea mtu mmoja tu, binti yangu wa pekee. Aje tufundishe pamoja, na siku moja shule iwe yake. Asipokuja, naifunga. Peke yangu siiwezi tena, na mgeni simtaki.

"Mwangalie kwanza, ndipo useme," baba yake aliniambia nikiwa nafunga begi. Mume wangu ni fundi saa. Hana haraka na kitu chochote.

"Nimemwangalia tangu nilipomzaa," nikamjibu. "Sasa ni zamu ya kusema."

Mnijue kidogo. Wanafunzi wangu wananiita Mama Breki, wakidhani sijui. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wangu wa kulia umekaa juu ya breki hiyo miaka mingi mno, hadi umekuwa na akili zake wenyewe. Nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, unakanyaga. Mume wangu akimimina chai na kikombe kinakaribia kujaa, mimi huku nakanyaga sakafu. Sijawahi kugonga mtu wala kugongwa, kwa hiyo waache waniite watakavyo.

Binti yangu sisi nyumbani tunamwita Chiriku, kwa vile alianza kuongea kabla ya kuota meno na hajanyamaza hadi leo. Alikwenda kwenye kitongoji kimoja kando ya bahari kusomea uhasibu. Akasoma kidogo, kisha akanipigia simu kwamba ameacha, amepata kazi kwenye karakana ya kutengeneza mbao. Nikajifariji kwamba angalau ni vitanda na makabati. Loo! Baadaye akanitumia picha: ubao mrefu kama mlango, umechongoka mbele, na mwanangu amesimama juu yake katikati ya maji yenye povu, amekunja magoti, anacheka. Nilikaa kitako sakafuni. Mguu ukakanyaga.

Nilifika jioni, na kitongoji chenyewe kilinitia hasira kabla ya kunitia kitu kingine chochote. Watu wanakwenda dukani kununua mkate pekupeku, mbele za watu, watu wazima wenye akili zao. Kwenye kila ua zimeanikwa nguo nyeusi za mpira zinadondosha maji. Nje ya kila geti kuna bomba la kuoshea mchanga miguuni, na apitaye anaosha hata kama si kwake. Mbwa amelala katikati ya barabara, magari yanamzunguka. Mtu akivuka na ubao kichwani, magari yanasimama. Hapana kivuko, hapana alama, na hakuna anayepiga honi. Nilisimama pembeni kabisa nikiisubiri hiyo honi. Haikuja. Mwalimu wa udereva jambo hilo linamuumiza kichwa, maana nimezoea kwamba watu wasipoogopa faini hawapishani.

Chiriku alinipokea mlangoni mwa karakana akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda, mama. Nimekaza."

Akanipitisha ndani. Ubao mmoja ulikuwa umelazwa juu ya vigoda viwili, una ufa ubavuni. Alikuwa ameukata ule ufa pembeni hadi palipo pazima, akapakausha, sasa anapafunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi kali iliyonitoa machozi. Halafu akapitisha kiganja juu yake taratibu, amefumba macho, akitafuta kiputo cha hewa. Alikipata kimoja, akakitoa kwa ncha ya kisu. Mimi sikuona kitu. Nilitaka kumsifu, nikauma ulimi. Huendi kununua ng'ombe ukaanza kwa kumsifu mbele ya mwenyewe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana. Kitanda, jiko la gesi, kamba ya nguo. Tulikula, na muda wote huo nilikuwa nasikia mngurumo nje, unakuja unakatika, unakuja unakatika.

"Hapa karibu kuna barabara kuu?" nikauliza.

"Hapana, mama."

"Hayo malori je?"

Akaweka kijiko chini. "Hiyo ni bahari. Leo imeamka."

Nikasikiliza tena. Sahani zilikuwa zinatetemeka kidogo mezani, na bahari yenyewe ilikuwa mitaa mitatu kutoka pale. Nywele za mikono zilinisimama. Lakini sikuja kwa ajili ya nywele, nikajikohoza. "Sasa mwanangu, mimi na wewe tuna mazungumzo."

"Najua ulichokuja kusema," akasema. "Niangalie kesho asubuhi, kisha useme chote. Sitakukatiza hata neno."

"Baba yako amekupigia simu."

"Amenipigia," akasema, akaanza kuosha vyombo.

Asubuhi tukatoka. Njia ya kwenda ufukweni ni uchochoro kati ya nyumba mbili za watu, mwembamba, hadi ubao wake ulikuwa unakwaruza ua. Kwenye nyumba moja mtu alikuwa anapiga pasi dirishani, akampungia mkono. Kisha ukuta ukaisha, mchanga ukaanza, na mimi nikasimama.

Bahari nilikuwa naijua. Niliijua ya bandarini, maji yenye mafuta, yametulia kati ya meli kama yamekatazwa kusogea. Hii haikuwa hiyo. Hii maji yalikuwa yanasimama. Mbali kabisa unaona mgongo mrefu, hauna haraka, unakuja, unapanda, unapanda tena wakati wewe unadhani umemaliza kupanda, hadi jua linapita ndani yake na unageuka kijani. Kisha kichwa kinainama, na ardhi inatikisika. Niliusikia mshindo kwenye nyayo kabla ya masikioni. Na nyuma yake kuna mwingine, na nyuma ya huo mwingine, na hakuna mtu aliyeuwasha wala atakayeuzima. Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, na sikuwa nalaumu wala kuomba, nilikuwa nasema tu.

Na mbele ya kitu hicho watu wamekaa! Wamekaa juu ya mbao zao, miguu majini, wanapiga soga kama wako kituo cha basi. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama mchangani na suruali ya ofisini na tai, anakula mkate, anatazama mawimbi. "Anakuja kila siku kabla ya kazi," Chiriku akaniambia. "Akichelewa, ofisini hawamuulizi. Na bosi wake yuko mle majini."

Akatokea bibi mmoja, nywele nyeupe pe, miguu myembamba, ubao mwekundu kwapani. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikidhani anamshikia mjukuu.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Mama Breki?"

Nikamgeukia Chiriku. Chiriku akawa anafunga kamba ya ubao mguuni, ghafla kamba ina mafundo mengi sana.

"Huyu ni mkunga mstaafu," akasema bila kuinua uso. "Nusu ya watu walioko majini amewazalisha yeye."

"Ndiyo maana wananipisha," mkunga akasema.

Hapo nikauliza swali lililokuwa linaniwasha tangu jana. Humo ndani nani anampisha nani? Maana niliwaona zaidi ya ishirini, na wimbi moja, na hakuna taa. Mkunga akanieleza: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika, ndiye mwenye wimbi. Wengine wote wanaacha. Hata kama umesubiri asubuhi nzima, si lako, unaacha. Nikauliza na asiyeacha je? "Hawagombani naye," akasema. "Wanamtazama tu. Anarudi kwao mwenyewe." Akacheka, akaenda zake majini, na bahari ikampokea kama inamjua.

Chiriku alisimama mbele yangu. "Mama, ukitaka kulowesha miguu, ingia hapa kati ya bendera mbili. Hapa tu. Usiende pengine."

"Sawa."

"Nimesema kati ya bendera."

"Nimesikia! Mimi ni mtoto?"

Akakimbia, akajitupa juu ya ubao, akawa anapiga makasia kwa mikono. Nilimwangalia, kama baba yake alivyosema. Alikaa mle pamoja na wenzake na hakuongea. Chiriku, asiyeweza kunywa maji bila kusimulia, alikuwa amekaa kimya ameelekeza uso mbali. Likaja lake. Akageuka, mikono miwili mitatu, na wimbi likamchukua, akasimama. Alisimama tu, kama mtu anavyosimama kutoka kitini. Ukuta wa maji nyuma yake unamkimbiza, yeye anateleza pembeni, mkono mmoja unaupapasa ule ukuta. Nikasahau kupumua. Nikaogopa hadi meno yakauma, na papo hapo nikawa nasema moyoni, usiishe, usiishe kwanza. Ukaisha, akaanguka, akaibuka. Nikagundua mguu wangu umechimba shimo mchangani.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Jua lilipanda, miguu ya safari inawaka moto, nikaamua niiloweshe huku napanga maneno yangu ya kumrudisha nyumbani, maana picha nzuri haibadilishi hesabu. Kati ya zile bendera kulikuwa na watoto wanapiga kelele, povu tupu, mawimbi madogo yanagongana. Pembeni yake, hatua chache tu, kulikuwa na kipande kimetulia. Hakuna wimbi, hakuna povu, hakuna mtu. Maji laini, ya kijani kilichokolea, yamenyooka kutoka mchangani hadi mbali. Barabara nyeupe! Kila siku nawaambia wanafunzi, ukiona msongamano huku na njia nyeupe kule, mbona unajisumbua? Nikajisemea, hawa watu wa pekupeku hawajui hata kuchagua njia. Nikakunja gauni, nikaingia kwenye njia nyeupe.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu asiyesikia la mtoto wake.

Maji yalifika magotini, yakawa matamu. Kisha mchanga ukaondoka chini ya nyayo zangu, wenyewe, kama mtu amevuta zulia. Nikakanyaga breki. Ndugu zangu, nilikanyaga breki kwa nguvu zote za maisha yangu, na mguu haukukuta kitu. Nilikuwa naenda. Ufukwe ulikuwa unarudi nyuma, polepole, kimyakimya, bila wimbi hata moja, na yule mwanamume wa tai alikuwa anazidi kuwa mdogo na mkate wake. Kuogelea najua kidogo, kwa kujifunza ukubwani. Nikaogelea kurudi moja kwa moja, mbio, mikono inapiga maji kama nafua blanketi. Nilipoinua kichwa nilikuwa mbali zaidi. Nikapiga tena. Nikameza chumvi. Mikono ikaanza kuwa mizito, nikapiga ukelele ambao nao niliumeza pamoja na maji.

Filimbi ikalia ufukweni. Mlinzi wa waogeleaji alikuwa anakimbia, lakini aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Chiriku. Niliona ubao unakuja kwa kasi, na uso wake juu ya ubao, uso ambao sikuwa nimewahi kuuona. Haukuwa uso wa mwanangu anayenieleza kwa nini sahani imevunjika.

"Mama, acha kupigana. Lala chali. Angalia mbingu."

"Nazama!"

"Huzami. Lala."

Sauti hiyo naijua. Ni yangu. Ndiyo ninayotumia mwanafunzi akiachia usukani kwenye mteremko. Nikalala. Akanishika kwapani, akanipandisha juu ya ubao kwa tumbo, nikanasa pale kama gunia. Yeye akabaki majini nyuma, ameshika mkia wa ubao, anapiga miguu.

"Ufukwe uko kule!" nikafoka. "Unanipeleka wapi?"

"Pembeni. Huu ni mkondo, mama, maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanarudia hapa. Sisi tunautumia kwenda kule mbali. Harudi mtu kwa njia hii, hata mimi. Tutautoka kwanza, kisha tutarudi kwa njia ya mawimbi."

"Njia ya nini?"

Akazidi kupiga miguu.

Tukautoka. Tukafika nyuma ya mawimbi, pale wenzake walipokaa, na mngurumo wote ule wa tangu jana ukawa uko mbele yetu, na sisi tuko katika ukimya. Hilo hakuna aliyeniambia. Kwamba nyuma ya kelele zile pana utulivu mkubwa hivyo, maji yanapanda na kushuka chini yako taratibu, unapandishwa, unaiona nchi nzima, paa za nyumba, uchochoro, nguo kwenye nyua, kisha unashushwa na nchi inapotea, kama haikuwahi kuwepo. Nilikuwa natetemeka na kutapika chumvi, na bado nilitazama. Maisha yangu yote nimekaa upande wa nchi. Sikujua kwamba ni ndogo kiasi kile.

Wenzake walitutazama. Mkunga alisogea na ubao wake mwekundu, akaniangalia macho, akanishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, akamwambia Chiriku, "Yuko sawa. Mpeleke kabla hajapata baridi."

Chiriku akapanda nyuma yangu, akalala juu ya mgongo wangu, mikono yake ikapita kwenye mabega yangu ikashika kingo za ubao mbele. "Shika hapa. Kidevu juu. Na mguu wako, mama."

"Mguu wangu nini?"

"Unanipiga mateke."

Kisha nikaliona. Lilikuwa linatoka kule kunakotoka yote, lakini kubwa kuliko yale ya asubuhi, mgongo wake umeziba mstari wa mbingu. Kwa sheria yao halikuwa letu. Lilikuwa la jamaa mmoja mnene, ndiye aliyekaa pale linapoanza kuvunjika, na alikuwa ameshageuka tayari, mikono majini. Nilimwona anatutazama. Akatoa mikono. Akakaa. Aliyefuata naye akakaa, na aliyefuata, mmoja mmoja hadi mwisho wa mstari, watu waliosubiri tangu alfajiri, na mkunga akapaza sauti kama yuko wodini, "Wimbi la mama hilo! Pisheni!"

Hakuna aliyewalazimisha. Nilitaka kulia, lakini sikupata nafasi.

Likatuinua. Sijui kuyasema haya vizuri. Nilidhani litatupiga; halikutupiga, lilitubeba, kama vile uzito wetu wote na hasira zangu zote za miaka hamsini na kitu si chochote. Mbele yangu palikuwa na shimo la kijani na chini yake mchanga unaonekana, kisha pua ya ubao ikainama tukashuka. Nilipiga yowe. Maji yalikuwa yanachemka masikioni, upepo unanivuta mashavu, povu linatukimbiza na haliwezi kutufikia. Chiriku alibonyeza goti moja, ubao ukageuka kushoto. Akabonyeza lingine, ukanyooka. Nikatazama mikono yake, iko mbele ya macho yangu, na hapo mwalimu ndani yangu akaamka, kwa sababu mikono ndiyo kazi yangu. Nimekaa pembeni ya mikono ya watu maisha yangu yote. Wengi hushika usukani kwa woga, na wanaobaki hushika kwa mbwembwe. Hii haikuwa na woga wala mbwembwe. Ilikuwa inasikiliza. Nikajua nimembeba tumboni mtu huyu, nimemfunga viatu, na hiki alichonacho sikumpa mimi. Kimetoka wapi? Nikaacha kupiga yowe, nikawa nacheka, meno nje, chumvi mdomoni, nacheka kama mwehu hadi tumbo la ubao lilipokwaruza mchanga.

Mlinzi alitukimbilia. Akanifunika taulo, akanisikiliza kifua, akaniambia maneno machache kuhusu bendera ambayo sitayarudia hapa. Nikamwitikia kwa adabu. Akaondoka.

"Umeona?" nikamwambia Chiriku. "Umeona yule jamaa alivyokaa? Na lile shimo! Mbona hukuniambia kama..."

Chiriku alikuwa amepiga magoti mchangani. Ule uso wa majini ulikuwa umemtoka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo imekuwa ya majivu, anahangaika kufungua kamba ya mguuni na vidole havishiki.

"Ningekuzika," akasema. "Nimekuleta mimi. Nimekuacha peke yako nikaenda kujionyesha."

"Nimejiingiza mwenyewe."

"Ningemwambia nini baba?" Kamba ikafunguka, akaitupa. "Basi, mama. Yamekwisha. Sitaingia tena. Karakana nitaaga leo, kesho tunaondoka wote. Nitafundisha. Usiseme ulichokuja kusema, nimekubali."

Akaweka paji la uso magotini mwangu, akalia.

Nikakaa na kichwa chake mapajani. Nilikuwa nimepata. Safari yote, miguu kuvimba, maneno niliyoyapanga na sikuyasema hata moja, na mtoto ananipa mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya bahari. Nilihitaji kusema "haya" tu. Neno fupi. Lilikuwa limeshafika mdomoni, na msinione mtakatifu, lilikuwa tamu. Nikamwona kwenye kiti cha yule mzee, nikaona chakula cha jioni, watu watatu mezani.

Lakini kuna jambo moja kazini kwangu ambalo silivunji kwa mtu yeyote. Mwanafunzi akigonga, hata akivunja taa, hata akilia, simrudishi kwao. Anafuta machozi, anakaa kwenye usukani, na tunazunguka tena mtaa uleule siku ileile kabla jua halijazama. Nimewaona waliorudishwa nyumbani na mama zao wenye huruma. Hawakuendesha tena. Miaka inapita, unakutana nao barabarani, ni abiria.

"Simama," nikamwambia.

"Mama?"

"Okota kamba yako, ujifunge. Rudi majini."

"Hukunisikia? Nimesema nakwenda na wewe nyumbani."

"Nimekusikia. Ukitaka kuja nyumbani, utakuja siku ambayo huogopi kitu, nami nitaua kuku. Leo unakuja kwa woga. Mtoto aliyeletwa na woga simtaki, kaa naye mwenyewe."

"Ungekufa!"

"Sijafa. Niko hapa na mchanga masikioni na nina njaa. Ingia. Wimbi moja tu. Ukishapanda moja, toka, uamue unavyotaka, na mimi sitakukatiza hata neno."

Nilikaza uso kadiri nilivyoweza. Ndani nilikuwa namwambia, kataa, mwanangu, kataa tu, nimeshatimiza wajibu wangu, sasa kataa twende. Akafuta kamasi kwa mgongo wa mkono. Akaokota kamba.

Alikwenda polepole safari hii. Alifika, akakaa. Wimbi likaja, lake kabisa, akaliacha. La pili akaliacha. Mkunga alikuwa karibu naye. Mimi nilikuwa nimesimama na taulo la watu mabegani, nimeshika mikono, na nilijua kwamba akitoka bila kupanda nitakwenda naye nyumbani na nitakuwa na abiria mpaka nife. Yule mwanamume wa tai alikuwa amesogea kando yangu. Kazini hakwenda tena siku hiyo, nafikiri.

Likaja la tatu. Akageuka. Aliinuka kwa goti, akayumba, nikasema "mkono, mkono," na mkono ukatoka, ukaugusa ule ukuta. Akasimama. Jua lilikuwa ndani ya maji yote, na mwanangu amesimama katikati yake, mdogo, hana kitu cha kushikilia. Alilipanda hadi mwisho, na lilipokwisha hakutoka. Aligeuza ubao akaelekea tena kule mbali, na hakutazama nyuma kuona kama nipo.

"Unamfahamu yule?" mwanamume wa tai akauliza.

"Ni wangu," nikasema, na machozi yakanitoka, nikayaacha.

"Mmehamia hapa?"

"Yeye ndiye anakaa hapa," nikasema. "Mimi naondoka kesho."